Mgongo wa Mzee Wambura

Kijijini Buswahili hakuna mtu wala nyumba inayokosa jina la utani, na nyumba ya Mzee Wambura Burito ilipewa la kwake: kwa wapiga ngoma. Asubuhi kabla ya uji na jioni kabla ya ugali, ngoma ilisikika mle ndani, pu-pu-pu-pu, ikakatika, ikaanza tena, kisha kikafuata kikohozi kirefu cha kuchimbua, kisha kimya. Waliokuwa wakienda mashambani na majembe begani walicheka. "Wambura anapigwa na binti yake," walisema, na kweli alikuwa anapigwa. Mpigaji alikuwa Pelagia, mtoto wake wa pekee aliyebaki, na ngoma yenyewe ilikuwa mgongo wa baba.

Waache wacheke. Asiyewahi kumwona mzazi wake akiitafuta pumzi kwa mabega hana la kumfundisha mtu kuhusu kicheko.

Wambura hakuzaliwa hivyo. Ujana wake aliumaliza Bunda, akibeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na wakati huo alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Halafu kifua kikuu kikamshika. Alilazwa Musoma, akachomwa sindano mpaka akawa hawezi kukaa kwenye kiti, akameza vidonge bila kuruka hata siku moja, maana mkewe Dorkas alimsimamia kama mwalimu wa zamu. Akapona. Walipima makohozi yake tena na tena, hawakuona mdudu. Daktari akamwambia wazi: "Mzee, TB imehama. Lakini imehama kama mpangaji mkorofi, imekuachia nyumba imebomoka." Ndani ya mapafu mirija ilikuwa imeharibika na kulegea, na makohozi yangekuwa yanatuama humo kila siku ya Mungu. Yasipotolewa yangeoza, yangemletea homa, na siku moja yangemziba. Hayakuwa ya kuambukiza mtu. Ila hayangeisha.

Nesi mmoja wa wodi ile ndiye aliyemfundisha Dorkas namna ya kuyatoa. Kitanda kiinuliwe upande wa miguu. Mgonjwa alale kifudifudi, kisha ubavu huu, kisha ubavu ule, kichwa kikiwa chini na kifua juu, ili makohozi yateremke yenyewe kuelekea kooni. Mpigaji akunje kiganja kama mtu anayechota maji, apige mgongo taratibu bila kuumiza, kuanzia chini ya mbavu kwenda juu. Kisha mgonjwa avute pumzi ndefu na kuitoa kwa nguvu, mdomo wazi, haa, haa, kama anayepuliza kioo akifute. Ndipo akohoe, ateme. Maji ya uvuguvugu anywe mengi kutwa, yanalainisha. "Na msije mkamzuia kukohoa," nesi alisema. "Kikohozi ndicho fagio lake."

Dorkas alirudi nyumbani, akakitazama kitanda cha kamba, akakosa cha kukiinulia. Matofali hayakuwepo. Basi akalichukua jiwe lake la kusagia ulezi, lile alilotoka nalo kwa mama yake, akalisukumiza chini ya miguu ya kitanda. Tangu siku hiyo ulezi wake alisagia kwa jirani.

Dorkas alifariki kwa uzazi, na mtoto naye, katika ile miaka ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Miaka ile sabuni ilikuwa hadithi, kanga zilitoka kwa foleni, na aliyeonekana na mche mzima wa sabuni aliulizwa ameupata wapi. Zahanatini walikofika usiku hakukuwa hata na pamba ya kufutia damu, na mkoa mzima wa Mara ulikuwa unalima pamba. Mpaka leo ukilitaja neno pamba mbele ya Pelagia atatema mate pembeni na kubadilisha mazungumzo.

Pelagia alikuwa darasa la sita. Kesho yake baada ya tanga kuanuliwa, baba alilala kitandani kichwa kikiwa chini, akangoja, kwa mazoea. Hakuna aliyekuja. Mtoto alisimama mlangoni akimwangalia, akaelewa, akaingia. Alipiga kwa kiganja kilichonyooka, kwa nguvu zake zote na uchungu wake wote.

"Taratibu, mama!" baba alipiga kelele. "Unaua nyoka?"

Walicheka wote wawili, wakalia, kisha akakunja kiganja kama alivyokuwa akimwona mama yake akifanya. Hivyo ndivyo shule ilivyoisha. Hakuna aliyemwambia aache. Siku moja uji ulichelewa, siku nyingine homa ya mzee ilipanda, na mwisho sare ikageuzwa kitambaa cha kumtandika mgongoni ili ngozi isichubuke.

Akakua na kazi hiyo. Alijua kumsoma baba yake kwa kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya Kimbo lenye mfuniko, chini kaweka majivu, na kila siku alilimwaga chooni, akalisugua kwa majivu mengine, maana sabuni ilikuwa ya kufulia nguo za kanisani. Makohozi yakiwa meupe, siku njema. Yakiwa ya njano na kunuka, anamuongezea maji na zamu ya mchana. Yakiwa ya kijani na mzee anatetemeka, wanaanza safari ya hospitali kwa lori la mtu. Na alijua jambo moja ambalo mama yake alimwachia: kikohozi cha baba ni mbwa wa nyumba hii, akibweka lala, akinyamaza amka.

Kisha ruksa ikaja, serikali ikafungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu. Mitumba ikafika mpaka Butiama, mafuta ya kupaka ya kila rangi yakaingia kupitia mpaka wa Sirari, na kwenye vibanda vya Bunda mtu aliweza kununua dawa bila kuulizwa anaumwa nini wala ni nani kamtuma. Pamoja na bidhaa wakaja na wafanyabiashara, na mmoja wao alikuwa Stanislausi Mwikwabe, fundi baiskeli wa Manyamanyama, pale Bunda, kijana mrefu mwenye vidole vyeusi vya grisi visivyotakata hata Jumapili.

Alikuja Buswahili kumtengenezea katekista baiskeli. Akasikia ngoma, akauliza. Watu wakamweleza huku wakicheka, naye hakucheka. Siku ya pili alimkuta Pelagia kisimani akamsalimu, na baada ya salamu, badala ya kumsifia macho kama wenzake, akamuuliza, "Ile kitanda mnaiinua na nini? Haitelezagi?"

Ilikuwa inateleza. Miaka yote ilikuwa inateleza, na jiwe lilimkwangua Pelagia vidole vya miguu. Stanislausi alikata mpira wa tairi chakavu, akamletea. Aliuvisha kwenye miguu ya kitanda, na kuanzia hapo kitanda hakikuteleza tena. Wengine huchumbiwa kwa doti za kanga. Pelagia alichumbiwa kwa kipande cha tairi, na hakuona kasoro.

Pelagia alimweleza kijana yule kila kitu: TB iliyopona, mirija, rangi za kopo. Kisha akarudi nyumbani na aibu ikamshika. Binti wa watu kumsimulia mwanaume makohozi ya baba yake! Akaapa moyoni kwamba baba hatajua kamwe.

Posa ilipoletwa, mzee alifurahi mpaka akakohoa. Ndipo kazi ilipoanza, maana posa huku kwetu huwa inachunguza. Kabla ng'ombe hawajatoka zizini, watu watauliza: ukoo huo una kifafa? Una wachawi? Una kifua? Na mwaka ule kikohozi na kukonda vilikuwa vimepata jina jipya la kunong'onwa, kwa hiyo mtu mwembamba anayekohoa alikuwa na mashtaka mawili badala ya moja. Tena mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Mkwe huli chakula mbele yake ovyo, humpigi chafya usoni, na kuhusu kutema mbele yake, afadhali akukute uchi unaoga. Wambura aliyajua yote hayo, na alikuwa na fahari ya watu ambao ugonjwa umewanyang'anya kila kitu kingine.

Mdogo wake, Machage, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Huyu alikuwa mtu wa maneno kuliko vitendo, mwenye koti la mtumba lililokuwa kubwa kwake na maarifa ya mji mdogo. Siku moja kabla ya wageni, alitoka Bunda akatoa chupa mfukoni: dawa ya maji, nyekundu, nzito, tamu kama juisi.

"Imetoka Kenya hii," alisema. "Kijiko kimoja, mtu ananyamaza. Viwili, analala kama mtoto. Wakwe hawatasikia hata kwikwi."

Pelagia alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini. "Baba mdogo, kikohozi ya baba haizuiwagi. Hospitali walikataza."

"Nani anaizuia? Mimi naiomba ipumzike siku moja. Hata ng'ombe wa plau anapumzishwaga Jumapili."

"Makohozi hayapumziki. Yatabaki humo ndani."

"Wewe mtoto," Machage alisema, "unatafuta kuolewa au unatafuta kuzeekea kwenye hiyo jiwe?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Angeweza kusema, Stanislausi anajua, nimemwambia mwenyewe, hakuna cha kuficha. Maneno yalimjaa kinywani. Lakini baba alikuwa amekaa pale pale mlangoni, akiitazama chupa kama mtu aliyeletewa ujana wake, na Pelagia akaona afadhali afe kuliko baba ajue kwamba mkwe mtarajiwa ameshasimuliwa kopo lake. Akaokota ungo, akaendelea kuchambua.

Mzee alikunywa jioni ile, akanywa tena kabla ya kulala, akanywa na asubuhi. Na dawa, kwa kweli, haikudanganya. Kikohozi kilinyamaza. Alfajiri Pelagia aliamka kwa sababu ya ukimya, akaingia chumbani na kitambaa cha mgongo mkononi. Baba alikuwa ameshavaa.

"Leo hapana," alisema. Macho yake yalikuwa mazito ya usingizi.

"Baba, hata kidogo tu. Wageni bado."

"Wanaweza kuwahi, wakakukuta umenipanda mgongoni. Hapana." Kisha akalainika, akamshika mkono, kile kiganja kilichokuwa kigumu kuliko cha wanaume wengi wa umri wake. "Pelagia. Leo mimi ni baba wa bibi harusi. Kesho nitakuwa mgonjwa wako tena."

Pelagia akakikunja kitambaa, akaenda kuwasha moto jikoni.

Wageni walifika jua likiwa limeshachangamka, wakiswaga ng'ombe wa kuanzia. Mzee Mwikwabe, baba yake Stanislausi, alikuwa mtu mnene wa maneno machache, kavaa kofia na viatu vya kanisani. Aliingia sebuleni na wazee wenzake. Stanislausi alibaki nje na mifugo, kama inavyotakiwa. Pelagia naye alikuwa jikoni na shangazi yake Robi, kwa kuwa anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Kati ya jiko na sebule palikuwa na ukuta wa udongo tu, na kwenye ukuta ule Pelagia alitega sikio.

Alisikia salamu. Alimsikia Machage akianza mbali, akisifia mvua, akisifia barabara, akisifia ng'ombe. Hakumsikia baba.

"Umeona?" shangazi Robi alinong'ona huku akisonga ugali. "Kimya kabisa. Mungu ni mwema."

"Shangazi, hiyo kimya ni mbaya."

"Mbaya kwa nani? Geuza hizo nyama."

Akageuza nyama. Sauti ya Machage ilizidi kupanda, na Pelagia akajua kwa nini: alikuwa anafunika kitu. Chini ya maneno yale yote palikuwa na sauti nyingine, ya chini, ya kuchemka, ile ya uji mzito unapoanza kupasua mapovu. Aliijua sauti ile kama anavyoijua ya kwake. Akaenda kuchungulia kwenye upenyo wa mlango, shangazi akimvuta kanga.

Baba alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha mikono, kavaa koti la marehemu kaka yake, fimbo mkononi. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya zambarau, na kucha za mkono ulioshika fimbo zilikuwa hivyo hivyo. Jasho lilimtiririka shingoni. Na wageni wote, Mwikwabe na wenzake, walikuwa wanatazama chini, kila mtu kakodolea macho viatu vyake. Pelagia alidhani hawajaona. Alidhani wanasikiliza hotuba ya Machage.

Fimbo ilianguka. Mzee hakuiokota. Aligeuza kichwa polepole, macho yake yakakutana na ya binti yake pale kwenye upenyo, na akatikisa kichwa. Alikuwa anakataa. Alikuwa hana pumzi ya kusema neno, lakini ya kukataa alikuwa nayo.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu wapo waliomhukumu Pelagia na hawakuwepo. Nyuma yake kulikuwa na nyama jikoni na mwanaume mwema zizini. Mbele yake kulikuwa na baba anayezama kwenye kiti, akimwamuru amwache azame kwa heshima. Angeweza kungoja. Machage alikuwa karibu kufika kwenye idadi ya ng'ombe. Pengine ingebaki nusu saa tu.

Aliingia kwa kishindo, kitambaa cha jikoni begani, miguu peku. Akalishika benchi refu walilokalia wazee wawili, wakaruka. Akaliegemeza ncha moja juu ya kiti cha Machage, akamkumbatia baba yake kutoka kwenye kiti chake na kumlaza juu ya benchi kifudifudi, kichwa chini. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Akakunja viganja, akapiga. Pu-pu-pu-pu. Ngoma ya nyumba ile ikalia mbele ya wakwe.

"Haa, baba. Sema haa. Toa."

Mwanzoni hayakutoka. Dawa ilikuwa imekilaza kile kikohozi kama ilivyoahidi, na yeye akawa anapiga na kuita, anapiga na kuita, kamasi na machozi vikimtoka pamoja. Kisha mwili wa mzee ukajikunja, kikohozi kikaamka kwa hasira, na yakatoka. Yalitoka mengi, ya kijani, mazito, na harufu yake ikajaa sebule nzima, na mengine yalifika kwenye viatu vya kanisani vya Mzee Mwikwabe.

Mwikwabe hakusogeza mguu. Aligeuka tu, akatazama ukutani, na wenzake wote wakageuka wakatazama ukutani, mpaka mzee alipopata pumzi na Pelagia akamkalisha sakafuni, kamwegemeza kifuani pake.

Ilipita kitambo. Rangi ilirudi midomoni. Neno la kwanza alilosema Wambura baada ya kurudishiwa uhai wake lilikuwa hili: "Machage. Wafungulie wageni ng'ombe wao."

"Mkwe," Mwikwabe alianza, bado akitazama ukuta, "sisi tulikuwa na neno la—"

"Usiniite mkwe. Umeniona." Alipumua. "Mtu aliyeniona hivi sitakaa naye meza moja. Nendeni na ng'ombe wenu. Nendeni salama."

Machage angeweza kuliokoa jambo lile. Maneno si ndiyo yalikuwa kazi yake? Lakini alikuwa ameaibika, na mtu mwepesi akiaibika hutafuta wa kumrushia. Alimgeukia Pelagia akamwambia mbele ya watu wote kwamba ameua nyumba, kisha akawasindikiza wageni haraka haraka kama anayefukuza kuku kwenye mtama. Mwikwabe alijaribu mara ya pili kusema, akiwa uani. Machage alimwambia, "Yameisha, mzee, yameisha." Stanislausi alisimama kati ya ng'ombe wake, mikono imelegea, akiutazama mlango. Pelagia hakutoka. Alikuwa anafuta sakafu.

Wambura hakumpiga, wala hakumtukana. Alimnyima mgongo.

Jioni ile Pelagia aliingia na kitambaa kama kawaida, akamkuta amelikokota jiwe la Dorkas kutoka chini ya kitanda na kulitoa mlangoni. "Mikono yako imenivua nguo mbele ya wakwe," alimwambia, akitazama ukuta kama walivyofanya wale. "Haitanigusa tena."

"Ungekufa, baba."

"Ningekufa nikiwa mkwe wa mtu."

Na hakutania. Katekista alikuja, akashindwa. Shangazi Robi alikuja akapiga magoti, akashindwa. Stanislausi alikuja mara mbili, mzee alipomwona tu kwa mbali aliingia ndani akafunga mlango, na mara ya pili kijana alimwambia Pelagia pembeni ya kisima, "Twende tu. Watu wanatoroshanaga kila siku, baadaye wanapatana."

"Nikiondoka atakufa."

"Lakini si amekukataza kumshika?"

"Amenikataza," Pelagia alisema, akajitwika ndoo yake. Stanislausi alingoja mavuno yale na yaliyofuata, kisha akaoa Manyamanyama, na mimi simlaumu.

Basi Pelagia akabaki kulinda mgongo asioruhusiwa kuugusa. Alichemsha maji, akayaacha mlangoni ndani ya chupa ya chai. Alipika uji mwepesi, akauacha mlangoni. Kopo mzee alilimwaga mwenyewe, gizani, ili asisomwe. Alikwenda kukohoa nyuma ya ghala, akiinama na kushika nguzo, na Pelagia akiwa jikoni alihesabu kwa masikio yake kilichotoka na kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kingi kila siku. Homa zikawa za karibu karibu. Hospitali nayo ilikuwa imebadilika: sasa mgonjwa alikuja na daftari lake, sindano yake na dawa aliyoinunua mwenyewe dukani, na mzee alisema hana haja. Usiku, mikono ya Pelagia ilikuwa inajikunja yenyewe juu ya blanketi.

Alikufa kwenye masika, wiki ile ya baridi ambapo mto ulifurika. Asubuhi hakukusikika kitu nyuma ya ghala, na Pelagia hakugonga mlango, alisukuma.

Mzee alikuwa kitandani, kifudifudi, kichwa kikining'inia chini. Alikuwa ameliingiza tena jiwe chini ya miguu ya kitanda, peke yake, na nguvu zile za mwisho sijui alizitoa wapi. Mpira wa tairi ulikuwa mahali pake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda nyuma, unautafuta mgongo wake mwenyewe, na ulikuwa umeganda hapo haujafika. Kiganja kilikuwa kimekunjwa vizuri kabisa, kama alivyofundisha yule nesi.

Mlango haukuwa na komeo. Pelagia alikuwa analala chumba cha pili.

Wanawake waliomwosha walipata taabu kuunyoosha ule mkono. Pelagia alisema wauache, hakuna aliyemsikiliza.

Msibani watu walijaa, na waliocheka zamani walilia kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku ya tatu akaja Mzee Mwikwabe kutoka Bunda, kwa baiskeli ya kubebwa, kavaa kofia ile ile. Alimpa Pelagia mkono wa pole, akaketi naye kwenye mkeka nyuma ya jiko.

"Binti yangu," alisema, "baba yako tulikuwa tunajua anakohoa."

Pelagia akamtazama.

"Stanislausi alituambia toka mwanzo, kabla ya posa. TB ilipona, makohozi yakabaki, na wewe ndiye unayeyatoa. Mimi mwenyewe nilienda kuuliza hospitali, nikaambiwa haiambukizi. Siku ile nilikuja na neno. Kijana alitaka kuhamishia ufundi wake hapa senta, apange chumba, ili uwe unatoka asubuhi na jioni kuja kumhudumia mzee. Nilikuwa nangoja tu yule msemaji wenu amalize kusifia barabara."

Mvua ilikuwa inaanza tena. Ndani, Machage alisikika akiwasimulia waombolezaji jinsi kaka yake alivyokuwa mtu wa heshima.

"Mlimwona amekaa pale," Pelagia alisema. "Mlimwona anazidiwa. Mbona hamkusema? Mbona hakuna hata mmoja aliyesema?"

Mwikwabe alivua kofia, akaizungusha mkononi. Macho aliyaangusha chini, kwenye viatu vyake.

"Tungesemaje, mama?" alisema. "Alikuwa mkwe. Tulimwonea haya."

Pelagia aliinuka. Waombolezaji walikuwa bado hawajala, na unga ulikuwa umekwisha. Aliingia chumbani kwa baba, akainama, akalivuta lile jiwe kutoka chini ya kitanda, akalibeba mpaka jikoni, akamimina ulezi juu yake na kuanza kusaga.